Nani Atasoma Insha Hii? Majibu ya barua zenu kuhusu simu, mitandao na uandishi wa wanafunzi

Barua za safari hii zimetoka kwa walimu wa lugha na wazazi, na karibu zote zinauliza jambo moja: simu na mitandao vinawezaje kumfanya mwanafunzi apende kuandika? Tumechagua nane. Majina ya waandishi tumeyaacha, tumebakiza mahali wanapotoka.

Simu moja, wanafunzi sabini

*Nafundisha Kiswahili kidato cha 2 katika shule ya kata. Darasa lina wanafunzi 70, hawaruhusiwi kuja na simu, chumba cha kompyuta hatuna, na simu janja iliyopo ni yangu. Nikisoma habari za kuandika kwa teknolojia naona hazinihusu. Je, kuna la kufanya? – Mwalimu, Singida*

Lipo, Mwalimu, na simu moja inatosha. Insha nyingi za shuleni zina msomaji mmoja tu, naye ni mwalimu anayetafuta makosa. Mwanafunzi analijua hilo, ndiyo maana anaandika ili amalize. Simu yako itampatia msomaji wa pili: mama yake, mjomba aliye Dodoma, dada aliyemaliza kidato cha nne. Mipango yako yote ielekee hapo.

Andikeni darasani kwa kalamu kama kawaida, ila kazi iwe fupi, maneno 120 hadi 150. Kila wiki toa kazi 5 za kutumwa nyumbani. Kwa wanafunzi 70 mzunguko utachukua wiki 14. Fuata orodha ya mahudhurio, usichague zilizo bora. Ukichagua bora, majina yatakuwa yale yale manane, na waliobaki wataelewa haraka kwamba jambo hili si lao. Mwenye zamu mjulishe siku mbili kabla na umruhusu airudie kazi yake. Hapo utamwona mtoto anafuta na kuandika upya bila kusukumwa, kwa sababu safari hii baba atasoma.

Maandishi yachapwe, yasipigwe picha, kama muda upo. Maneno 150 yaliyochapwa yana uzito wa kilobaiti moja hivi. Picha ya ukurasa wa daftari, hata baada ya WhatsApp kuibana, inaweza kula mara mia ya hapo au zaidi, na mzazi anayenunua bando la siku ataisikia tofauti hiyo. Weka simu kwenye hali ya ndege, fungua programu ya kuandikia kumbukumbu, kisha mwandishi asome na mwenzake achape, nawe ukiwa karibu. Dakika 15 zinawatosha. Ukilazimika kupiga picha, peleka daftari mlangoni kwenye mwanga wa pembeni, zima taa ya kamera, shika simu sambamba na ukurasa. Kazi ya penseli haisomeki vizuri kwenye picha, kwa hiyo nakala ya kutumwa iandikwe kwa kalamu ya wino.

Kutuma, usifungue kundi la wazazi. Tumia orodha ya kutangazia iliyomo ndani ya WhatsApp. Kila mzazi hupata ujumbe kana kwamba ametumiwa peke yake, namba za wazazi hazionekani kwa wengine, na majibu yanakuja kwako. Orodha moja huchukua watu 256. Sharti lake ni kwamba mpokeaji awe ameihifadhi namba yako. Asiyeihifadhi hapati kitu. Hapa ndipo walimu wengi hukwama, wakadhani wazazi wamepuuza. Siku ya kikao cha wazazi, simama mbele, taja namba, subiri kila mmoja aihifadhi pale pale. Mwenye kitochi mtumie kwa ujumbe mfupi sentensi mbili zilizo nzuri kuliko zote, pamoja na jina la mtoto.

Chini ya kila kazi weka swali. Usipoweka utapata "Hongera sana" kumi na moja, na hongera haimfundishi mtu kuandika. Uliza: "Ni sehemu gani ungependa aeleze zaidi?" Mzazi asiyependa kuandika atume ujumbe wa sauti. Kisha Jumatatu, dakika tano za mwanzo wa kipindi, soma majibu mbele ya darasa. Hizo dakika tano ndizo zinazobeba mpango mzima. Ukiziruka wiki mbili mfululizo, wanafunzi watarudi kuandika ili wamalize.

Angalizo moja: soma kila kazi kabla haijatoka. Mtoto anaweza kuandika ugomvi wa nyumbani kwa uaminifu mkubwa, na kazi ya namna hiyo haitumwi kwa mtu yeyote. Unazungumza naye faragha, na ikibidi unamshirikisha mwalimu wa ushauri.

Kundi lililokufa

*Likizo ya Agosti nilifungua kundi la WhatsApp la wanafunzi wangu 48 wa kidato cha tatu ili waandike insha. Wiki ya kwanza lilichangamka. Ya pili zikaja stika, klipu za mpira na "niaje". Ya tatu kimya. Kasoro ni nini? – Mwalimu, Mombasa*

Idadi, mada, na ukosefu wa ratiba, kwa mpangilio huo.

Kundi la watu 48 lina wasemaji sita; wengine ni watazamaji. Likizo ijayo fungua kundi moja la matangazo, ambalo katika ruhusa zake umezima uwezo wa wanakundi kutuma ujumbe, kisha makundi 8 ya watu 6. Katika kila dogo, mmoja awe admini pamoja nawe, na nafasi hiyo izunguke kila wiki. Stika na mpira havitaisha, wala usivikemee. Vipe siku yake, tuseme Jumamosi, na siku nyingine ziwe za kazi.

Mada ndiyo inayoua zaidi. "Umuhimu wa elimu" imeandikwa mara nyingi mno hata mwanafunzi anaweza kuimaliza bila kufikiri. Mpe kitu cha kutazama ambacho wewe hujakiona. Mfano: apige picha ya jina la kanga iliyoanikwa nyumbani au maandishi ya nyuma ya matatu, kisha maneno 80: nani aliyachagua maneno haya, na anamwambia nani? Kwa Mombasa hutakosa majibu. Mfano mwingine ni ujumbe wa sauti wa sekunde 30 kutoka sokoni au ufukweni. Msikilizaji aandike anachokiona kwa kusikia tu.

Likizo ya Agosti ni ya wiki tatu hivi, basi panda ngazi tatu. Wiki ya kwanza maneno 80, ya pili 200, ya tatu 400. Mia nne ndicho kiwango cha chini cha insha katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne Kenya, na kila insha pale ina alama 20, kwa hiyo hakuna mzazi atakayesema unawapotezea muda. Anayeanza na 400 siku ya kwanza hujaza maji. Aliyeanza na 80 akaulizwa maswali anafika 400 akiwa na la kusema.

Ratiba iwe ile ile kila wiki: mada Jumatatu asubuhi, kazi Jumatano kabla ya saa mbili usiku, maoni Alhamisi na Ijumaa. Kila mmoja atoe maoni kwa wawili wanaomfuata kwenye orodha ya kundi, wa mwisho akirudi mwanzo, ili asiwepo mwandishi aliyekosa msomaji. Na maoni yana umbo: nakili maneno yaliyokushika, kisha uliza swali moja. "Kazi nzuri" haihesabiwi. Maoni yanayohesabiwa yanakuwa hivi: "'Mkono wa kondakta ulinuka sarafu.' Hapo nimemwona. Je, alikuwa amekasirika au amechoka?" Mwandishi akilijibu swali hilo ndani ya insha, tayari ameandika rasimu ya pili.

Wewe uje mwisho. Mwalimu akitoa maoni kwanza, wanafunzi watano wanaofuata watayarudia maneno yake.

Kusahihisha mbele ya watu

*Kwenye kundi letu nasahihisha makosa ya tahajia na sarufi papo hapo ili wote wajifunze, lakini wanaotuma wanazidi kupungua. – Mwalimu, Unguja*

Acha kusahihisha hadharani, Mwalimu. Wanaopungua ni wale uliowasahihisha, na wale waliowaona wakisahihishwa.

Kila wiki kusanya makosa yanayojirudia, chagua mawili tu, tunga mifano yako mwenyewe isiyo ya mwanafunzi yeyote, na uitume kwenye kundi la matangazo. Wiki hii "hawa" na "hao", wiki ijayo nukta na herufi kubwa. Kosa la mtu mmoja mwandikie faragha, na usiandike zaidi ya matatu kwa wakati. Ujumbe wa sauti wa dakika moja unafaa kuliko orodha ya makosa, kwa sababu sauti inabeba upole ambao maandishi yanauficha. Anza na sentensi moja uliyoipenda, uisome kama ilivyo, kisha useme la kurekebisha.

Kujibizana kwa mashairi

*Wanafunzi wangu wanasema ushairi wa kimapokeo ni mgumu na umepitwa. Je, mitandao inaweza kusaidia? – Mwalimu, Tanga*

Ushairi wa Kiswahili umezoea kupita kwenye vyombo vya habari. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji, na washairi walijibizana: huyu anauliza kwa beti, yule anajibu kwa vina vile vile toleo linalofuata. Jibu lilichukua majuma. Kwa simu linachukua dakika, na ndiyo maana tungependa walimu wa Tanga na pwani yote walichukue jambo hili kwa uzito. Hakuna umbo la uandishi linalofaa zaidi kundi la WhatsApp kuliko malumbano.

Anza na tarbia: ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani (yaani silabi) 16 iliyogawanywa nane kwa nane, na kina cha kati na cha mwisho. Usiwape somo la bahari zote, yaani aina zote za mashairi, hilo linawatisha. Tuma mishororo miwili ya kwanza na uwaachie wamalizie:

Simu iko mkononi, kalamu sijaiweka,
Naandika ya moyoni, maneno yanayofika,

Kina cha kati ni "ni", cha mwisho "ka". Vina hivi ni vyepesi: maneno yenye kielezi cha mahali huishia na "ni", na vitenzi tele huishia na "ka". Vina kama "ge" au "vu" viache hadi mwezi wa pili.

Kosa la kwanza utakaloliona ni mizani kuzidi. Mwanafunzi ataandika "Simu yangu iko mkononi" na sikio lake litasema ni sawa. Mwambie atenge silabi kwa vistari kabla ya kutuma: Si-mu-ya-ngu-i-ko-m-ko-no-ni. Kumi. Akiondoa "yangu" zinabaki nane, na maana haijapotea, kwa sababu simu iliyo mkononi mwa msemaji inajulikana ni ya nani. Zingatieni "m" ya "mkono": inasimama peke yake, inahesabiwa. "Mb" ya "mbuzi" haitengwi, neno lina mizani mbili. Lakini "nchi" ni mbili na "mbu" ni mbili, maana hapo ile konsonanti ya mbele inabeba pumzi yake. Hoja za namna hii zikizuka kundini usizikatize. Wanafunzi wanaobishana kuhusu mizani ya "nchi" usiku wa Ijumaa wanajifunza kuliko ulivyotarajia.

Kosa la pili ni neno lililovutwa kwa kamba ili kina kitimie. Inkisari (kufupisha neno) na mazida (kulirefusha) ni ruhusa za washairi tangu zamani, ila mwenye kuzitumia awe tayari kueleza kwa nini. Weka kanuni: ukifupisha au kurefusha neno, andika chini yake neno kamili.

Baada ya wiki mbili waingie kwenye kujibizana. Gawa pande mbili zenye hoja ya kweli: kuishi mjini au shamba, bajaji au bodaboda, kusoma bweni au kutwa. Upande wa kwanza una saa 24 kutoa ubeti. Upande wa pili una saa 24 kujibu kwa vina vile vile, ukianza na maneno ya kituo, yaani mshororo wa mwisho, cha waliotangulia. Ubeti utumwe mara mbili, kwa maandishi na kwa sauti. Anayeusoma kwa sauti hugundua mwenyewe mahali ulipokwama, na mara nyingi huufuta na kuutuma tena kabla hujasema neno.

"Cjui", "xaxa" na "2po"

*Mwanangu yupo kidato cha kwanza. Meseji zake zimejaa vifupisho na nahofia vitaharibu Kiswahili chake. Nimpokonye simu? – Baba, Morogoro*

Usimpokonye, Baba. Anayeandika "cjui" anajua kwamba ni "sijui". Asingejua, asingeweza kuifupisha kwa sauti ile ile. Shida huanza pale asipoweza kubadili mavazi: anapoandika barua rasmi kwa mkuu wa shule kama anavyomwandikia rafiki. Hilo linafundishika. Mpe meseji yake mwenyewe ya maneno 30 aiandike mara tatu: kwa rafiki, kwa bibi, kwa mkuu wa shule. Dakika kumi mezani, bila ugomvi.

Angalia pia kibodi ya simu. Ikiwa imewekwa Kiingereza peke yake, kirekebishaji hubadilisha maneno ya Kiswahili kuwa ya Kiingereza, na mtoto hufupisha ili kukikwepa. Kwenye mipangilio ya kibodi ongeza Kiswahili cha Tanzania na upakue orodha yake ya maneno. Gboard, kibodi ya Google, inayo, na tangu 2017 inaweza pia kuandika kwa kusikiliza sauti. Kuandikisha kwa sauti kunamfaa mtoto mwenye mengi ya kusimulia na mkono mzito, mradi aweke nukta na aya mwenyewe baadaye, kwani simu itampa sentensi moja ndefu isiyo na pumzi.

Tena ufupi wenyewe unaweza kuwa zoezi. Ujumbe mfupi wa simu una nafasi ya herufi 160. Mwambie atunge hadithi nzima humo, kwa tahajia kamili, bila kifupisho hata kimoja. Mfano wa aina hiyo: "Babu alituma nauli niende kumwona. Nikanunua viatu. Jana nimefika kwake, viatu bado vipya, nikakuta turubai limefungwa uani." Hizo ni herufi 124 pamoja na nafasi. Kitochi kinatosha, bando halihitajiki.

Ila mkumbushe kuhusu ng' ya "ng'ombe". Alama iliyonyooka haina shida. Ile iliyopinda, ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe, haimo katika seti ya kawaida ya herufi za ujumbe mfupi, hivyo ujumbe wote hubadilishwa mfumo na nafasi hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Emoji moja hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana wakati mwingine kihesabio huruka na unatozwa meseji mbili au tatu.

Insha safi kupita kiasi

*Wanafunzi wamerudi kutoka likizo na insha ambazo najua hawakuziandika wao. Nimeambiwa kuna programu za kugundua kazi ya akili mnemba. Ipi ni bora? – Mwalimu, Kisumu*

Hatupendekezi hata moja kama ushahidi. OpenAI, waliotoa ChatGPT, programu ya akili mnemba inayotunga maandishi, Novemba 2022, walikuwa na chombo chao cha kugundua na wakakiondoa Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Kama watengenezaji wenyewe walishindwa, usimwadhibu mtoto kwa asilimia iliyotolewa na tovuti.

Dalili zipo, nazo ni za kukufanya uulize, si za kuhukumia. Insha haina mahali: soko bila jina, mto bila jina, mtu bila namna yake ya kuzungumza. Aya zote zina urefu mmoja. "Katika ulimwengu wa leo" inaanzisha, "ni muhimu kutambua kwamba" inaendeleza, na mwisho unarudia mwanzo. Sentensi ni za Kiingereza zilizovaa Kiswahili: mambo "yanacheza nafasi muhimu" kila mahali. Lakini wapo wanafunzi wema wanaoandika hivyo kwa sababu ndivyo walivyofundishwa.

Badilisha jinsi unavyotoa kazi. Dakika 15 za kwanza waandike darasani kwa kalamu, angalau aya moja na orodha ya mambo watakayoyasema. Zikusanye, zipige picha, zirudishe. Kazi ya nyumbani iendelee kutoka hapo. Inaporudi, linganisha, kisha mwite mwandishi dakika mbili umuulize: kwa nini umeanza na mvua? Huyu shangazi ni nani? Ulitoa sentensi gani kwenye rasimu ya kwanza? Aliyeandika atajibu kwa urahisi, hata kama anasitasita. Shule zenye kompyuta zitumie Google Docs, kwa kuwa historia ya matoleo inaonyesha insha ilivyokua. Iliyotokea nzima kwa sekunde moja imebandikwa, japo huenda ilinakiliwa kutoka daftarini, kwa hiyo uliza kabla ya kusema lolote.

Wanafunzi wakubwa wenye ruhusa ya wazazi (masharti ya ChatGPT yanaanzia miaka 13, na chini ya 18 ruhusa inatakiwa) wanaweza kuitumia kama msomaji. Agizo liwe: "Soma aya yangu. Niulize maswali matano kuhusu mambo ambayo hujayaelewa. Usiniandikie chochote." Anayaleta maswali hayo darasani pamoja na rasimu zote mbili. Programu hizo hukosea upatanisho wa ngeli na hubuni methali ambazo hazipo. Kuzitafuta kasoro hizo kwa kamusi ni zoezi zuri la kipindi kimoja.

Jina na picha ya mtoto mtandaoni

*Shule ya binti yangu wa miaka 11 inataka kuweka mashairi ya wanafunzi kwenye ukurasa wa Facebook, pamoja na majina kamili na picha wakiwa na sare. Nakataa ninaonekana mkorofi. – Mama, Arusha*

Si ukorofi, Mama. Jina kamili, uso na sare kwa pamoja vinamwambia mgeni yeyote mtoto huyu ni nani na atampata wapi saa nane mchana.

Omba mambo haya kwa maandishi. Shairi liwekwe kwa jina la utunzi analolichagua mtoto mwenyewe, na darasa lake tu. Picha iwe ya mkono unaoandika au ya ukurasa, bila nembo ya shule. Maoni ya watu wasiojulikana yazimwe, au yapitiwe kabla ya kuonekana. Shule itaje mtu mmoja anayeshika nywila na mwingine wa akiba, kwa sababu mwalimu akihama na nywila, ukurasa wenye kazi za watoto unabaki bila mwenyewe. Shairi liondolewe ndani ya siku mbili mzazi akiomba. Picha zisitumwe kama faili, kwani zikitumwa hivyo zinaweza kubeba ndani yake mahali zilipopigwa.

Facebook, Instagram, TikTok na WhatsApp zote zimeweka miaka 13 kuwa umri wa chini wa kuwa na akaunti. Binti yako asifunguliwe yake kwa kisingizio cha shule. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inayotaka ridhaa ya mzazi au mlezi katika taarifa za mtoto. Fomu moja ya ridhaa mwanzoni mwa mwaka, yenye visanduku tofauti vya maandishi, sauti na picha, inaondoa mabishano yote. Kwa shule inayofikiria kufungua tovuti yake ya wazi hapa Tanzania, kwanza waulize TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kuhusu Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020.

Pa kuchapisha

*Tuna hadithi nzuri za wanafunzi wa kidato cha tatu. Zaidi ya makundi yetu, tuzipeleke wapi? – Mwalimu, Bukoba*

Waandikieni watoto wa darasa la pili. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini uliofungua tovuti yake 2014, unapokea hadithi za picha kwa watoto katika lugha za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na mtumiaji anaweza kutunga, kutafsiri au kurekebisha iliyopo. StoryWeaver ya Pratham Books, India, inafanya kazi kwa namna hiyo hiyo.

Umbo la kurasa 10 hadi 12, sentensi moja au mbili kwa ukurasa, linamlazimisha kijana wa kidato cha tatu kupima kila neno kuliko insha yoyote. Kabla ya kupandisha, nendeni shule ya msingi iliyo jirani mkasome rasimu kwa watoto halisi. Mwandishi akae upande, asisome yeye, mwingine asome. Aweke alama kwenye kila ukurasa ambao watoto walianza kugeuka na kuongea. Kurasa hizo ndizo za kuandikwa upya. Uchoraji usiwakwamishe, tovuti zina hazina ya picha zinazoruhusiwa kutumika.

Waelezeni wanafunzi na wazazi jambo moja mapema: hadithi hizo huwekwa kwa leseni huria, yaani mtu mwingine anaweza kuinakili, kuitafsiri na hata kuibadilisha, ilmradi ataje mtunzi. Asiyeridhia hilo, hadithi yake ichapwe, ifungwe kwa stepla, na nakala mbili ziachwe kwenye kabati la vitabu la ile shule ya msingi.